Suti Imemkaa: Historia ya Lugha ya Kuhukumia Mavazi ya Wanaume katika Kiswahili

Yapo madai yanayorudiwa mara kwa mara miongoni mwa wanaoshughulikia istilahi, nayo ni kwamba Kiswahili kimepungukiwa na maneno ya kuzungumzia ushonaji wa nguo za kisasa, hasa suti ya kiume. Madai haya hayakubaki kuwa mazungumzo tu. Katika vyuo vyetu vya ufundi hapa Kenya ushonaji hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na sababu inayotolewa ni hiyo hiyo, kwamba maneno hayapo. Kijana aliyekaa miaka kadhaa katika baraza ya fundi, ambaye anaweza kukueleza kwa Kiswahili fasaha ni kwa nini koti fulani limeharibika mgongoni, huingia katika chumba cha mtihani akawa bubu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba madai hayo yametokana na kutazama upande mmoja tu wa msamiati. Waliotafuta majina ya nguo na ya sehemu zake waliona kwamba mengi ni ya mkopo, wakakata shauri kwamba lugha ni maskini. Vitenzi hawakuvitazama. Nami nitajaribu kuonyesha kwamba hukumu ya vazi katika Kiswahili imo zaidi katika vitenzi kuliko katika majina, na kwamba vitenzi hivyo vilianza kazi yake katika nguo za pwani, vikaipokea suti ilipokuja bila ya kuhitaji msaada wa mkopo wowote.

Kwanza tuitazame suti yenyewe huko ilikozaliwa, maana hatuwezi kujua Kiswahili kilipokea nini kama hatujui kilicholetwa. Habari yake aghalabu huanzishwa Oktoba 1666, mfalme Charles II wa Uingereza alipoliarifu baraza lake kwamba ataacha mitindo ya Kifaransa na kuvaa kizibau kirefu chini ya koti; Samuel Pepys aliyaandika hayo katika shajara yake wakati ule ule. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja baadaye vazi la bwana liliendelea kuthaminiwa kwa hariri yake na kwa nyuzi zilizotariziwa juu yake. Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa karne ya 19, na jina linalohusishwa nayo ni la George Brummell (1778–1840), mtu asiye wa ukoo wa kitwana wala wa kifalme, aliyevaa koti la rangi iliyokoza, lisilo na pambo lolote, lakini lililokatwa likaufuata mwili wake pasipo kosa. Tangu hapo jicho la London lilihama kutoka katika kitambaa likaenda katika mkato. Wakati huo huo mafundi walianza kuuzoea utepe wa kupimia wenye alama za inchi, mahali pa vile vipande virefu vya karatasi walivyokuwa wakivitia alama kwa kuvichanja, kila mteja na chake. Mwaka 1846 Henry Poole aliufungua mlango wa duka lake upande wa Savile Row, na mtaa huo ukawa kipimo cha ushonaji wa kiume kwa ulimwengu mzima.

Neno la Kiingereza lenyewe lilitoka katika Kifaransa cha kale, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata. Suti, basi, ni mfuatano: koti, kizibau na suruali vilivyotoka katika kitambaa kimoja. Mfuatano huo kwa namna tuujuavyo leo ulikamilika katika nusu ya pili ya karne ya 19, na hapo kwanza lilikuwa vazi la mapumziko, si la ofisi. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilistaajabu kuona kwamba wenyeji hutumia kitenzi kimoja kwa nguo iliyolingana na kipimo cha mtu, na kitenzi kingine kwa nguo iliyolingana na mtu mwenyewe, na kwamba hiki cha pili hutamkwa sawasawa na jina la vazi hilo. Mwalimu wangu mmoja alidhani lugha nyingine hazina tofauti hiyo. Nilimjibu kwamba sisi tunayo, tena si ya vitenzi viwili tu.

Sasa turudi pwani. Kabla ya nguo ya kushonwa kuwa jambo la kawaida kwa watu wote, nguo ya wengi ilikuwa kitambaa cha kujifunga au kujitanda, na kitambaa hicho kilipimwa kwa mwili. Lakini mwili wa nani? Mkono ulikuwa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Burton, aliyesafiri huku kati ya 1857 na 1859, ameandika vipimo hivyo kwa kuwa misafara yote ya bara iliendeshwa kwa hesabu yake. Merikani, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya biashara ya Salem na mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, iliuzwa hivyo. Mkono uliopima ulikuwa wa muuzaji au wa mnunuzi, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuupendelea wake. Mvaaji hakupimwa. Alichouliza ni kama kitambaa kinafika.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kilipopata nguvu kitenzi cha kwanza cha hukumu, nacho ni *kuenea*. Nguo iliyomwenea mtu ni nguo iliyomfunika kwa kadiri ipasavyo, ikafika ilipotakiwa kufika. Kitenzi hicho kina jamaa zake: *kuenenza* na *kucheneza*, maana yake kupima au kulinganisha kitu na kitu, na *chenezo*, kamba au ugwe wa kupimia. Yafaa tuuzingatie ukoo huu. Unaonyesha kwamba katika fikira ya lugha yetu kupima na kufunika vilikuwa ndugu. Aliyepima alitaka kujua kama kitu kitaenea. Neno *chenezo* limo katika kamusi zetu, na ajabu ni kwamba halikupendekezwa kamwe, kwa ninavyojua, kuwa jina la ule utepe ambao mafundi wa Nairobi huuita tepu na wenzao wa Tanzania futikamba.

Kanzu ilileta jambo jipya. Kanzu hushonwa, na kwa hiyo ina sehemu. Majina ya sehemu hizo yanafundisha mengi: *badani*, yaani kipande kikuu cha mbele au cha nyuma, limetoka katika neno la Kiarabu la mwili, *taharizi* ni vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana, *lisani*, neno la Kiarabu la ulimi, ni kile kipande kilichokaa chini ya mpasuo wa kifuani, *kaba* ni kipande cha shingoni, *sijafu* ni upindo wa mwisho wa mkono. Karibu yote ni ya mkopo. Limesalia moja la Kibantu, *kikwapa*, kile kipande kidogo cha kwapani, na kila fundi atakwambia kwamba hapo ndipo kanzu inapoharibikia au inapotengenea, kwa kuwa mtu akiinua mkono kanzu yote huvutwa kutoka hapo.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu wale wanaosikitika kwamba majina ya sehemu za suti ni ya Kiingereza husahau kwamba majina ya sehemu za kanzu ni ya Kiarabu, na hakuna anayesema kwamba Mswahili hana lugha ya kuizungumzia kanzu. Majina hufuata njia ya bidhaa. Yalikuja na majahazi kama vile yalivyokuja baadaye na meli. Kanzu nayo ilikuwa na uzito wa hadhi: baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa wamenyimwa kanzu na kofia walizivaa mara moja, na jicho la mtaa likawa na kazi mpya ya kutazama nani amevaa nini na imemkaaje.

Koti lilifika pwani peke yake, bila suruali yake. Hili ni jambo ambalo historia za suti zilizoandikwa Ulaya haziwezi kulieleza, maana kwao koti na suruali ni kitu kimoja. Kwetu koti lilivaliwa juu ya kanzu, na hadi leo ndilo vazi la heshima la mwanamume wa Buganda na la wazee wengi wa pwani siku ya arusi au ya Idi. Pwani lilikuta nafasi yake imekwisha kutengenezwa, kwa kuwa kizibau kilichotariziwa kilikuwa kikivaliwa juu ya kanzu zamani. Suti ya vipande vitatu ilipokuja kamili, kipande chake cha katikati kilipewa jina la kizibau bila mjadala. Suruali pia ilikuwa na jina la zamani, lililotoka Uajemi likapitia kwa Waarabu. Kwa hiyo katika vipande vitatu vya suti, viwili viliitwa kwa majina yaliyokuwa nyumbani, na koti tu ndilo lililokuja na jina lake. Hata bitana haikubadili jina, ingawa mafundi wa bara wengi husema lainingi. Ukosi nao, ambao asili yake ni kisogo cha mtu, umeshindana na kola hadi leo bila kushindwa.

Cherehani ilifika na jina lenye asili ya Kiajemi, neno la gurudumu, likiwa limepitia Uhindi. Na pamoja nayo walikuja mafundi. Wahindi na Wagoa ndio waliokuwa mafundi wa suti waliojulikana zaidi Unguja, Mombasa na baadaye Nairobi, katika mtaa wa bazaa ambao leo ni Biashara Street. Vijana wa Kiafrika waliojifunza kazi kwao walianza kwa kupiga pasi na kutia vifungo. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, kilichochanganyika kwa hakika, lakini Kiswahili.

Mashindano ya hadhara ya mavazi ya Kizungu hayakungoja mafundi hao wazeeke. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameeleza jinsi vyama vya vijana wa pwani vilivyoshindana kwa gwaride, kwa matarumbeta na kwa mavazi, Kingi na Skochi kule Mombasa, na Marini na Arinoti katika Tanganyika. Wageni wengi walioziona ngoma hizo walidhani ni uigaji tu. Naona walikosea. Vyama hivyo viliendeleza mashindano ya mitaa yaliyokuwapo zamani, na koti lilikuwa silaha mpya tu katika vita vya zamani. Ili mtu ashindwe kwa koti lake ilibidi wawepo watazamaji wanaojua koti bovu ni lipi.

Watazamaji hao walitumia maneno gani? Hapa tumefika kwenye kiini cha makala haya.

Kitenzi kikuu ni *kukaa*. Husemwa: suti imemkaa. Kwa kawaida *kukaa* hakichukui yambwa. Mtu hukaa kitini, hukaa Malindi. Tukitaka kukipa yambwa hatuna budi kukinyambua kwanza: *kumkalia*. Lakini katika habari ya nguo kitenzi hiki huchukua yambwa ya mtu moja kwa moja, pasipo mnyambuliko, na maana yake ni kwamba nguo imetulia juu yake mahali pake. Jaribu kukinyambua uone maana inavyogeuka: koti lililomkalia mtu ni koti lililomwelemea, kama vile watu husema serikali imewakalia. Tofauti ya silabi moja inatenga utulivu na uonevu. Sarufi zetu nyingi hupita kitenzi hiki kwa haraka, zikakitaja katika orodha ya maana nyinginezo. Nadhani kinastahili zaidi ya hapo, kwa kuwa kinatupa na jina pia, *mkao*. Mkao wa koti ni jinsi lilivyotulia mwilini, nalo ni neno ambalo mwanafunzi wa ushonaji angelielewa siku ya kwanza, kando ya *mkato*, yaani jinsi kitambaa kilivyokatwa, na *mshono*, yaani jinsi kilivyounganishwa.

Kitenzi cha pili ni *kuchukua*. Nguo imemchukua. Hapa hatuzungumzii kipimo. Koti linaweza kumkaa mtu sawasawa, mabega yakalingana na mikono ikafika, na bado lisimchukue, kwa sababu rangi yake haiendi na rangi yake, au kwa sababu mtindo ni wa kijana na mvaaji ni mtu mzima. Mnyambuliko wake, *kuchukuana*, hutumika kwa vitu viwili vilivyopatana, kama koti na kanzu, au tai na shati. Na humo ndimo umo ule mfuatano wa vipande niliousema juu. Yaliyofumbatwa katika vitenzi viwili vya Kiingereza sisi tumeyagawa katika vitatu: kuenea au kutosha kwa kipimo, kukaa kwa utulivu, kuchukua kwa mlingano wa nguo na mtu.

Vitenzi vya lawama ni wazi zaidi. Nguo kubwa humpwaya mtu, nguo ndogo humbana. *Kupwaya* husemwa pia juu ya mpini katika tundu la shoka au jembe, na jambo la kupendeza ni kwamba katika lugha ya siasa na ya michezo kimegeuziwa kiima. Mwandishi wa gazeti akiandika kwamba cheo kinampwaya waziri, bado cheo ni nguo na waziri ni mwili. Lakini akiandika kwamba waziri anapwaya, ameuondoa mwili mahali pake. Sasa mtu ndiye anayelegea, na vazi, yaani cheo, ndilo kipimo kisichobadilika. Mtu anayetaka kujua jinsi sitiari inavyozaa sarufi mpya atapata somo zuri hapo kuliko katika mifano mingi ya vitabuni.

Katika sentensi zote hizi nguo ni kiima na mtu ni yambwa. Wazungumzaji wa Kiingereza nao huweza kusema hivyo, kwa hiyo nisidai kwamba ni pekee yetu. Kilicho chetu ni ule ubadilishanaji wake na *kupendeza*. Suti imempendeza, amependeza. Ukisema la kwanza umesifu kazi ya fundi, na ukisema la pili umemsifu mtu, na katika mitaa ya pwani ni adabu kusema la pili mbele yake na kuliacha la kwanza kwa fundi. Lawama nayo ina adabu yake. Ni vigumu kumwambia mtu mzima kwamba koti linampwaya. Humwambia, "Mzee, ungemwona fundi alipunguze kidogo," na makosa yote huwa ya koti.

Baada ya hukumu ya mtaa iko hukumu ya fundi, na fundi haridhiki na kitenzi kimoja. Nimewasikia mafundi wa Mombasa na wa Nairobi wakilitazama koti lililovaliwa, na utaratibu wao ni mmoja kwa kiasi cha kushangaza. Huanza begani. Mshono unaoshikanisha mkono na kiwiliwili sharti uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita, bega hushuka, na ukipungukiwa, mkono wa koti hutokeza uvimbe chini ya mshono. Kisha hutazama ukosi kutoka nyuma. Ukosi mzuri hushika shingo, na juu yake huonekana ukanda mwembamba wa ukosi wa shati. Ukosi mbaya huiacha shingo, ukawa na mwanya unaoonekana kila mtu anapoketi. Kisha hufunga kifungo kimoja na kurudi nyuma hatua mbili. Mikunjo ikitokea ikaelekea kifungoni kutoka pande zote, koti linavuta, na kuvuta ni dalili kwamba kifua au kiuno kimenyimwa nguo. Mikunjo ya kulala chini ya ukosi, mgongoni, ni dalili ya mtu aliyesimama wima sana kwa koti lililokatiwa mtu mwenye kuinama, na dawa yake ni kupunguza urefu wa mgongo hapo juu, si kupunguza upana. Fundi asiyejua tofauti hiyo huharibu koti kwa nia njema.

Mkono wa koti unatakiwa uache kipande kidogo cha mkono wa shati, kiasi cha nusu inchi. Suruali itulie kiunoni bila kuhitaji mkanda kuishika, na mguu wake ufike kwenye kiatu na kukunjika mara moja, au usikunjike kabisa, kwa kadiri ya mtindo wa wakati. Hili la mwisho ndilo lisilo na kanuni. Katika miaka ya 1970 suruali ilipanuka chini, Watanzania wakaiita bugaluu. Miaka michache kabla yake ilikuwa imebana, na Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga marufuku suruali za kubana pamoja na sketi fupi. Mitindo hupita. Bega halikubadilika katika kipindi chote hicho.

Tazama sasa maneno yaliyotumika katika aya hizo: bega, kifua, kiuno, mgongo, mkono, mguu, shingo, kushika, kuacha, kuvuta, kushuka, kutulia. Sikulazimika kukopa hata moja. Sehemu za koti huitwa kwa majina ya sehemu za mwili zinazofunikwa, na makosa yake huitwa kwa vitenzi vya mwili. Kabla ya kushona moja kwa moja fundi mwangalifu hupiga bandi, yaani hushikiza vipande kwa mishono mirefu ya mkono, mteja akalijaribu koti likiwa bado linaweza kufumuliwa. Na kwa hili pia neno lipo tangu kamusi za zamani. Ningewaomba wenzangu wa kamati za istilahi waende wakakae barazani kwa fundi kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.

Baada ya uhuru lilizuka swali la namna nyingine: siyo kama suti imemkaa mtu, bali kama ni suti. Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, aliupa jina mtindo wa koti jepesi lisilotaka tai, lenye suruali ya kitambaa kile kile. Kwa mujibu wa asili ya neno hiyo ni suti kamili, maana vipande vyake vinafuatana. Jina lake katika Kiswahili, *kaunda suti*, linastahili kutazamwa na wanaisimu, kwa kuwa sifa imetangulia jina, kinyume cha mpangilio wetu; Mswahili angetazamiwa kusema suti ya Kaunda. Jirani zetu wa Zaire walikuwa na vazi lao, abakosti, ambalo jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa ya kuipinga suti, na Mobutu aliwalazimisha watumishi wake kulivaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipolegeza amri Aprili 1990. Nchini Kenya swali hilo lilirudi Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alipolikataza vazi la Kaunda katika Bunge la Taifa, huku rais mwenyewe, William Ruto, akiwa amelipendelea hadharani. Masharti aliyoyataja Spika kwa wabunge wanaume yalikuwa ni koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Katika orodha hiyo hamna hata neno moja la mkao. Mbunge mwenye koti linalompwaya hadi magotini angeingia ukumbini, na mwenye kaunda suti iliyomkaa sawasawa angebaki nje. Sheria inaweza kuhesabu vipande vya nguo. Haina kitenzi cha kuvihukumia.

Hatari kubwa zaidi kwa lugha hii ninayoieleza haitoki bungeni. Tangu masharti ya biashara yalegezwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo za mitumba zimejaa katika masoko yetu, Gikomba kule Nairobi na Kongowea kule Mombasa, na miongoni mwake zimo suti nzuri zilizoshonewa watu wa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo fundi wetu hawezi kuifikia hata angefanya kazi bure. Pamoja nazo limekuja jina *saizi*, nalo limeanza kuvisukuma kando vitenzi. Mnunuzi haulizi kama koti litamkaa. Huuliza kama ni saizi yake, akajibiwa kwa namba iliyoandikwa ndani ya ukosi. Namba haisemi habari ya bega wala ya mgongo. Kijana niliyemsikia akimwambia mwenzake, "Hii ni saizi yako," alikuwa akilitazama koti linalovuta kifungoni kama ngozi ya ngoma.

Fundi wa barazani, aliyekuwa akikata suti, leo aghalabu huletewa suti ya mtumba airekebishe. Hupunguza kiuno, hufupisha mikono na miguu, hubadilisha bitana iliyochanika. Bega haligusi, kwa sababu ili kulirekebisha ni lazima afumue mkono, ukosi na kile kitambaa kigumu kilichofichwa kati ya uso wa koti na bitana, na malipo ya kazi hiyo yangezidi bei ya koti lenyewe. Wanafunzi wake kwa hiyo hawalioni bega likikatwa, na maneno ya bega hawayasikii. Ukisimama asubuhi katika barabara za katikati ya Nairobi utaona suti nyingi zilizokaa vizuri kiunoni na kupwaya mabegani.